Nusu ya Kidonge Kwenye Uji wa Nesta

Mtaa wa Sogea,
Tunduma.
(Naandikia hospitalini.)
Alhamisi, 14 Machi 2024

Mwanangu mpendwa Tulinagwe,

Salamu za mama yako zikufikie huko Kitwe. Hujambo wewe? Mkwe wangu Joshua hajambo? Na huyo mtoto wenu mdogo Mercy, meno yametoka mangapi sasa? Mimi sijambo, mguu wangu ulikwishapona, natembea bila fimbo. Kaka yako Luka naye mzima, yuko nyumbani na mahindi. Mvua ya mwaka huu haituachii hata siku moja ya kuanika nguo.

Utashangaa kuona mwandiko huu. Ujumbe wa simu siku zote Luka ndiye huniandikia, lakini haya siwezi kumpa Luka ayaandike. Niliishia darasa la nne, unajua, kwa hiyo nivumilie. Soma polepole, na usome mpaka mwisho ndipo upige simu.

Jumapili uliponipigia uliniuliza, "Mama, Nesta anaumwa nini? Nije?" Nikakujibu ni mafua tu, usihangaike. Nilikudanganya, mwanangu. Nilikuwa nimesimama nje ya wodi. Mwanao uliyeniachia amelazwa tangu Ijumaa.

Yu hai. Naliandika hilo mapema ili moyo wako usikimbie mbele ya macho.

Homa ilimwanza mwezi uliopita. Asubuhi anapoa, jioni anawaka. Zahanati ya kwanza wakasema UTI na taifodi. Ya pili nao, UTI na taifodi. Luka akasema siku hizi hata lori likizimika pale mpakani wataliandikia UTI na taifodi. Tukacheka. Dawa akanywa, akamaliza, homa ikarudi, na goti la kulia likaanza kuvimba. Akawa hakanyagi chini, nambeba mgongoni kama alipokuwa mchanga.

Hapo ndipo nilipokosea. Unakumbuka vile vidonge vya rangi mbili, nyekundu na njano, ulivyoniletea kwa mkono wa Raphaeli dereva kwa ajili ya kidonda changu cha mguu? Nilipopata nafuu niliacha kuvimeza, vikabaki saba. Nikawa nafungua kimoja, unga wake namwagia nusu kwenye uji wa Nesta, asubuhi nusu, jioni nusu, siku nne. Siku ya tatu homa ikashuka, akaomba ndizi ya kuchoma. Nikajiona daktari. Siku ya tano ikapanda kuliko mwanzo, goti limejaa ngozi inang'aa, tukaandikiwa rufaa tukaletwa huku.

Hapa hospitalini kuna watu wa utafiti. Wanataka kujua homa za watoto wetu hasa zinaletwa na nini, maana wanasema tumezoea kuziita majina mawili matatu basi. Kijana wa maabara anaitwa Osward, mpole, anavaa miwani. Alinisomea karatasi ya ridhaa neno kwa neno, nikaweka sahihi. Kisha akauliza, "Bibi, siku saba hizi mtoto ametumia dawa yoyote?" Zile za zahanati niliziandikisha, zilikuwa zimeisha zamani. Akauliza tena, "Hata ya kununua dukani, hata ya kupewa na jirani?" Nikasema hapana, baba.

Kwa nini nilisema hapana? Asubuhi hiyohiyo pale mapokezi muuguzi alimsema mama mmoja mbele ya watu wote kwa kumpa mtoto dawa za kuokoteza. Mama wa watu akalia. Mimi niko nyuma yake kwenye foleni, vidonge vitatu vilivyobaki nimevifunga kwenye pindo la kanga. Nikalikaza fundo.

Wakamtoa damu. Osward akanieleza kwamba wanaitia kwenye chupa yenye chakula cha vijidudu, wanaiweka kwenye mashine yenye joto kama la mwili. Kama vijidudu wamo wanakula, wanaongezeka, na mashine inalia. Wakishawapata wanawajaribu kwa dawa mojamoja waone ipi inawaua. Wakati huohuo Nesta akaanzishiwa sindano za kubahatisha, ndivyo nilivyoelewa, wakingoja chupa iseme.

Chupa haikusema. Jumamosi kimya. Jumapili kimya, ndiyo siku ulipopiga. Jumatatu daktari alipopita kitandani akamuuliza Osward, naye akajibu, "Bado hakuna kilichoota." Daktari akasema pengine si vijidudu vya namna hiyo, wakifika kesho bila kitu atasitisha sindano, watafute kwingine.

Tuli, akili yangu ikaenda kwenye maharage. Ulikuwa mdogo, labda hukumbuki. Mwaka ule marehemu baba yako alitundika mbegu juu ya meko, karibu mno na moto. Tukapanda, tukangoja wiki mbili, shamba jeusi tupu. Tukasema ardhi imechoka, baba yako akataka kuliacha lile shamba. Kumbe mbegu tuliiua wenyewe. Sasa nikamwangalia daktari anaangalia shamba tupu, na aliyeunguza mbegu ni mimi nimekaa pale kimya, nampepea mtoto.

Kitanda cha jirani yuko mama mmoja wa Ivuna kunakotoka chumvi, mama Lusubilo, mcheshi, amekuja na mfuko wa chumvi anagawia wodi nzima. Akaniambia, "Bibi Nesta, tangu juzi unashikashika hilo fundo la kanga. Umemficha mchumba humo?" Watu wakacheka. Mimi machozi yakanitoka.

Jumanne asubuhi nikaenda dirisha la maabara. Nikamwita Osward, nikafungua fundo mbele yake.

"Hivi mtoto alikunywa," nikasema. "Nusu nusu, siku nne. Mpaka jioni ya kuamkia siku tuliyokuja."

Akavitazama, hakuvigusa. "Bibi, nilikuuliza."

"Uliniuliza, baba."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

Nikangoja anitukane. Akachukua kalamu, akaandika jina la dawa, siku, na kiasi, kisha akatoka mbio kwenda kwa daktari, mlango kaacha wazi.

Sindano hazikusitishwa. Ila daktari akasema damu ile haitoshi tena kuaminiwa, itabidi wavute maji ya ndani ya goti wayatie kwenye chupa nyingine. Ningesema Ijumaa, wangevuta siku ileile kabla ya siku nne za maumivu. Nesta nilimshika mwenyewe. Nilikuwa nimemwahidi hawatamchoma tena zaidi ya zile sindano za kila siku. Akapiga kelele, "Bibi umenidanganya!" Halafu akaita mayo, mayo, mpaka sauti ikakauka. Mayo, mama, ni wewe, Tuli. Hakuniita mimi.

Maji yalitoka yenye rangi ya uji wa ulezi uliopoa. Osward akasema hata hii inaweza isiote, kwa kuwa sasa ana dawa nyingine mwilini. Akasema bibi tuombe.

Hebu fikiria mwanangu. Miaka yote naomba ugonjwa usionekane kwa watoto wangu. Tangu juzi naomba uonekane, nikipiga magoti kwenye sakafu ya wodi. Mchungaji akinisikia sijui atasemaje. Mpaka saa hizi chupa ya goti nayo iko kimya. Nesta amelala, mkono wake umeshika kidole changu, ndiyo maana herufi zimelala upande.

Ijumaa, asubuhi

Nilikuwa sijamaliza, kalamu ikaniishia wino, mama Lusubilo kaniazima yake.

Osward kaja mwenyewe wodini, miwani kaishika mkononi. Kasimama mlangoni kasema, "Bibi, imelia."

Nikapiga kigelegele. Wodi nzima wakadhani mtoto ameruhusiwa. Mama Lusubilo akauliza kulikoni, nikamwambia wadudu wameota! Akasema, "Jamani, muuguzi, njoo, bibi wa watu kachanganyikiwa."

Jina lao bado. Kesho au keshokutwa watajua ni kina nani na dawa gani inawaweza. Daktari hakunificha, kasema goti limekaa na ugonjwa muda mrefu, hawezi kuapa kwamba mtoto atakunja mguu kama zamani. Usiku alikuwa na homa kidogo, leo kanywa uji kikombe kizima. Kauliza kwanza una nini ndani. Nimemwonjea mbele yake.

Wewe usijilaumu kwa vile vidonge. Ulivituma kwa mguu wangu, na mguu ulipona. Kosa ni la aliyevigeuza. Ila usitume dawa tena, hata ya kichwa.

Mwambie Joshua natotela, asante sana kwa kitenge, nimejifunika hicho hapa hospitalini, kizito kizuri. Mbusu Mercy kwenye shavu la kushoto na la kulia. Luka anawasalimu, hajui nimekuandikia. Mungu aliyemwekea Nesta pumzi aishike mpaka mwisho, na awatazame na ninyi huko ugenini.

Barua hii anaileta Raphaeli, anaondoka kesho alfajiri. Uliniuliza Jumapili kama uje, nikakuambia usihangaike. Jibu la kweli ni hili: njoo.

Mimi mama yako, nikupendaye hata siku ile niliyokudanganya,

Ketrina Sikanyika