Baba, Mama Bado Anamwonea Wivu Bi Mvua

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipovua miwani yako, ukaiweka juu ya redio, ukalala na usiamke tena. Wengine wanasema tumeshazoea. Waongo.

Ulikuwa mpole hata kwa karatasi. Miaka kumi na minane, katika stoo ya ofisi ya hali ya hewa, ulipangusa kwa brashi laini madaftari yaliyonusurika na mchwa, ukayapiga picha ukurasa kwa ukurasa, ukaingiza kila tarakimu kwenye kompyuta, ili wataalamu wajue mvua na joto vilikuwaje zamani. Ulirudi nyumbani unapiga chafya, na hata hujaketi ulishamtaja yeye.

"Leo Bi Mvua kaniandikia inchi mbili na nusu," ulisema huku ukitabasamu peke yako. "Mwandiko wake siuchoki."

Mama hakucheka. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mwezi mzima, ukiingia kuoga tu, yeye yumo mkobani mwako, anatoa nakala za kurasa zile na kuzisoma mstari kwa mstari, akisaka neno la mapenzi. Akakuta mvua, upepo na mawingu. Mwisho alijifunga kibwebwe, akakufuata kazini mchana kweupe.

"Yuko wapi huyo mwanamke?"

Ukamfunulia daftari. Bi Mvua alikuwa mpimaji wa kituo cha mlimani. Alipima mvua kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita, hata siku ya kumzika mumewe. Naye alifariki kabla wewe hujazaliwa.

Ulidhani yameisha. Mama akakaa juu ya boksi la madaftari, akalia. "Angekuwa hai ningemweza. Huyu nitamkuta wapi nigombane naye?"

Tangu siku hiyo hukumtaja tena nyumbani. Ulimuuliza Mama siku yake ilikwendaje, ukamsikiliza mpaka mwisho. Mama aliliona hilo, Baba, ingawa hakukuambia.

Ulipoondoka, madaftari kumi na moja ya Bi Mvua yalikuwa hayajaguswa. Wenzako wakakwama: moja yake na saba yake ni kulwa na doto. Msimamizi wenu akaja nyumbani kuuliza kama uliacha maelezo yoyote. Mama akaukodolea macho ukurasa aliokuja nao.

"Hii saba. Saba yake huinama kama mtu anayesikiliza mlangoni."

"Mama, umejuaje?" msimamizi akauliza.

"Mke mwenza nisimjue mwandiko?"

Basi akawa anakwenda kila Jumanne na Alhamisi. Yeye anasoma kwa sauti, mwenzako anaingiza. Pengine humgombeza Bi Mvua: "Jana hukuandika mawingu, ulikuwa wapi?" Mwezi uliopita walimaliza yote.

Ilipotoka orodha ya waliofanya kazi hiyo, jina la Bi Mvua lilikuwa juu, lako likimfuata. Mama akabinua mdomo.

"Hata huku wamekaa bega kwa bega! Niandikeni hapo katikati."

Wakamwandika.

Unakumbukwa na mkeo. Wanao, kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba. Dada yako, wakwe zako, wajukuu wako watano, na wenzako wote wa stoo.

Hatutakusahau, Baba, maadamu tunapumua.