Assumani Wawili

Rumonge,
12 Shaabani 1328

Mpendwa kaka yangu Mbaraka,

Salamu zangu zikufikie huko Ujiji, zikukute wewe na wifi Fatuma mkiwa wazima. Kifua chako kinaendeleaje? Na yale mawese niliyompa Hadji akuletee, yalifika au aliyauza njiani? Hadji namfahamu. Sisi huku tunapumua, tunakula kidogo, tunalala kidogo.

Kaka, Assumani wangu amefariki. Mwanangu, mpwa wako, yule uliyemfundisha kuogelea hapa pwani. Amekufa akiwa mfungwa wa boma la serikali, na mimi mama yake sikupata hata kumfunika shuka. Nimeandika hayo kwanza, maana nikiyachelewesha sitayaandika.

Ilianza na mambo ya ujumbe. Jumbe wetu wa zamani, mkuu wa mji, alipokufa, boma lilitaka watu wa mji wachague mwingine. Ijumaa baada ya sala wanaume wakatoka uwanjani, kila mmoja akasimama nyuma ya amtakaye. Kwa Mustafa, muuza chumvi, walisimama wachache. Kwa shemeji Assumani, kaka wa marehemu mume wangu, mstari ulifika hadi kwenye mitumbwi. Tulipiga vigelegele mapema mno.

Boma likamkataa. Zamani shemeji aliwahi kufungwa kwa kukataa kutoa wapagazi, na aliyevaa mnyororo wa serikali hawezi kuwa jumbe. Ndipo wazee wetu wakaja na akili yao: tumweke mwanangu mahali pake. Si unakumbuka marehemu ndiye aliyempa mtoto jina la kaka yake? Somo ni somo, wakasema, wenye jina moja ni mtu mmoja. Watu walimchagua Assumani, na Assumani huyu hapa. Mustafa akapeleka shauri bomani. "Watu walisimama nyuma ya mutu," alisema, "hawakusimama nyuma ya jina." Moyoni niliona ana haki, lakini nani angenisikiliza mimi?

Bwana wa boma alikuwa mgeni, hajawahi kumwona shemeji, na siku ya shauri shemeji alikuwa amelala kijijini Kizuka, miguu imevimba. Mashahidi waliapishwa kwa Msahafu. Akaitwa Biasha, mke mdogo wa shemeji, aseme tu kwamba mwanangu ni mtu wa nyumba ile. Bwana akamnyooshea kidole mwanangu, akamwuliza Biasha huyu ni nani kwake. Nawe unajua Biasha alivyokuwa akimtania somo wa mumewe tangu aolewe. Akajibu bila kufikiri, kama anavyojibu siku zote nyumbani:

"Huyu? Huyu iko bwana yangu!"

Watu wakacheka. Hata mwanangu alicheka. Bwana yule Kiswahili anakijua, lakini utani wetu hakufundishwa. Akaona huyu ndiye Assumani aliyekatazwa, amerudi kwa hila, na mkewe mwenyewe ameapa. Biasha alipolia kwamba ni mzaha, ikawa amefanya mzaha juu ya kiapo, na hakusikilizwa tena. Wakamfunga mwanangu palepale, kicheko hakijamtoka usoni.

Tulimbeba shemeji kwa machela mpaka bomani, aonekane kwa macho. Tukaambiwa bwana yuko safarini, tungoje. Tukangoja. Mwanangu alikuwa kwenye kazi ya barabara na wafungwa wengine, homa ikampata hukohuko. Bwana aliporudi alikubali kwamba Assumani ni wawili. Wakati huo alikwisha kubaki mmoja.

Mustafa alikuja matangani, akalia kuliko ndugu wengine nisiotaka kuwataja. Ujumbe amepewa yeye, naye hana raha nao. Biasha huja kila asubuhi, hunitwangia mihogo. Namkasirikia, kisha namwekea chakula. Sijui nimfanye nini, kaka.

Sasa nina ombi. Aziza, mjane wa mwanangu, amejifungua mtoto wa kiume. Wazee wanataka aitwe Assumani, eti jina lisipotee. Jana Biasha alimpakata, akamtazama, midomo ikaanza kufunguka kwa tabasamu, nikaliona lile neno la bomani linakuja. Nikampokonya mtoto.

Kwa hiyo nimekataa, na akika ya kumpa jina tumeiahirisha. Wewe ndiye mjomba wa baba yake, neno lako watalisikia. Tuletee jina. Liwe zuri, liwe baya, mimi sijali, mradi mwambao huu wote pasiwe na mtu mwingine mwenye jina hilo. Mpaka barua yako ifike tunamwita Mtoto.

Nisalimie wifi Fatuma, na Mwasiti na wanawe. Shemeji anakusalimu kutoka kitandani. Mungu akulindeni na homa, na akulindeni na ulimi wa mtu anayewapenda.

Dada yako akupendaye siku zote,
Mwamini