Nywele za Faida

Baba Mwamini,

Chai iko kwenye birika, mandazi iko chini ya sahani. Mi nimevuka mupaka kwenda Goma kwa dada yangu. ~~Nitarudi jioni.~~

Kesho watoto wanaoga, kwa hiyo shika haya. Nywele za Mwamini ni za mawimbi, zinapinda tu. Mupake mafuta kidogo kwenye ncha. Ukizidisha, zinalala kama zimenyeshewa. Za Faida zinajiviringa zenyewe kwenye kidole. Usizichane kavu, mutoto atalia. Zilowanishe, paka mafuta ya ng'ombe, halafu uchane na chanuo la mbao kuanzia ncha.

Leo asubuhi mudogo wako Zena alifumua misuko ya Faida, akamumwagia maji mbele ya jirani. Nywele zilipojikunja akasema: "Bon, haya. Kwetu wote ni mawimbi, na mama yake ni mawimbi. Huyu ametoka wapi?" Wewe ulitengeneza kofia yako, ukaendelea kunywa chai.

Sikugombana. Nilikuwa naangalia ile kofia. Unanyoa kipara kila Ijumaa tangu ulipokuwa mutoto wa chuo cha Kurani. Mi muke wako sijawahi kuona nywele zako. Zena naye hajaziona, alizaliwa ukinyoa tayari.

Wembe wako nimeondoka nao. Ijumaa hii nenda musikitini hivyo hivyo, na zile zinazofuata pia. Zikiota za kushikika, mwambie Zena akumwagie maji, jirani akiwepo.

Halafu muje kunichukua.

Mama Faida