Cheti Ndani ya Kibuyu cha Mbegu

Leokadia mjukuu wangu, marahaba. Mama yako amepona, na ulezi wetu hapa Mwimbi umeota vizuri.

Unauliza kwa nini ofisi yenu huko Marekani ihangaikie miswada ya uraia na mafao ya askari wazee wa Kifilipino walioipigania nchi hiyo katika Vita vya Pili vya Dunia, ilhali wengi wameshakufa. Hilo ni swali la wavivu!

Katika vita hivyohivyo baba yangu alimpigania mfalme wa Waingereza kule Burma. Cheti chake cha uaskari alikitunza ndani ya kibuyu cha mbegu, ambacho hapa kwetu hakiguswi hata wakati wa njaa. Nikiwa msichana tulikipeleka cheti hicho ofisi ya serikali Sumbawanga kudai mafao yake. Alipokikunjua, punje za ulezi zikamwagika mezani.

Karani akacheka. "Mzee, hiki ni cheti au kimea cha pombe? Hakuna sheria inayowahusu ninyi."

Nilimtukana. Baba akanishika mkono. "Mwache, mwanangu. Sheria haiandiki yeye. Watafute wanaoiandika."

Alikufa akisubiri. Wewe umewapata wanaoiandika, basi usiwaachilie. Hata akibaki mzee mmoja tu, aisikie ikisomwa. Muswada ukipita nipigie simu. Cheti bado kimo kibuyuni, nami nitaanza nacho bungeni Dodoma, kisha London kwa Waingereza wenyewe.

Bibi yako, Yustina