Kitochi Nakirudisha

Kaka Ambakisye,

Shikamoo. Natumai mahindi yameshaingia ghalani na kifua cha wifi kimetulia. Mimi hapa Tunduma ni mzima, nawapikia madereva wa malori wanaosubiri foleni ya mpakani. Hasira ninazo, sitakuficha.

Kile kitochi, kisimu cha vitufe kisicho na mtandao, mlichonitumia ndani ya gunia la maharage nimekiona. Nasikia kikao cha ukoo kimeamua nikabidhi simu kubwa kwa shangazi, eti mtandao umeniharibu. Mmeniamulia bila kuniuliza. Kitochi chenu nakirudisha pamoja na barua hii.

Sikatai kwamba nimezama. Juzi mchana dereva mmoja wa Zambia aliniambia, "Bamayo, mama, wali unaungua," nami nimeshika mwiko mkono huu, simu mkono ule, nachekelea harusi ya watu nisiowajua. Wali wote ukaishia kwa mbwa. Niliona aibu sana.

Lakini hakuna aliyeniuliza nakimbia nini. Mama alipofariki, mvua ilikata barabara nikakwama huku. Ukanitumia video ya mazishi, ukaandika: "Usihangaike kuja tena, umeshaona kila kitu." Nikatii. Kaka, sikuona kitu. Niliona jeneza dogo kama kiberiti. Sikukaa chini na wanawake wenzangu, sikulala matanga, hakuna aliyenishika bega. Niliirudia video ile kila siku hadi nikashindwa, ndipo nikahamia kwenye vichekesho na harusi za watu. Nikiweka simu chini, mama anakufa upya. Ninyi mnauita uvivu. Mkininyang'anya simu leo, kesho nitatafuta pengine pa kujificha.

Kwa hiyo amri yenu siifuati. Nakuja Jumamosi, na simu yangu mkononi, wala siji kuomba radhi. Wifi anitandikie mkeka nyumbani kwa mama, nikae siku tatu. Shangazi, aliyekuwa naye hadi mwisho, anisimulie mama alisema nini. Na wewe ukae, usisingizie shamba.

Wasalimie wifi na shangazi, pamoja na mchungaji aliyefungua kikao chenu kwa sala. Mwambie aje aniombee nikiwepo.

Siku ya nne nitakupa simu mwenyewe. Ile video uliituma wewe, uifute wewe. Mimi nimejaribu mara nyingi, kidole kinakataa.

Mdogo wako, mtoto wa mama yuleyule,
Subilaga