Chai Kabla ya Habari

Ghorofa ya Tisa, Nyumba Na. 52,
Ladywood,
Birmingham.
2 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Abshiro,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lililokusumbua tangu Idi liwe limekubali kukunjika tena wakati wa sala. Mzee Yarrow anaendeleaje na sukari yake? Mvua imefika Garissa, au bado mnaitazama ikipita kwa mbali? Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Mama anakohoa kidogo kwa sababu baridi imeanza naye hataki kuvaa soksi ndani ya nyumba.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nina ombi. Kwenye simu ungesema ndiyo upesi ili kunifurahisha. Nataka ulisome ukiwa umeketi, ulifikirie, kisha unijibu, hata kama jibu ni hapana. Liban anasafiri Jumatano, ndiye atakayekuletea barua hii.

Tangu Agosti mimi ni karani katika kampuni ndogo inayotengeneza tamthilia za televisheni. Sikukueleza vizuri kwa sababu nilikuwa katika miezi mitatu ya majaribio, na niliogopa kuisifu kazi ambayo huenda ningeipoteza. Ninapokea muswada, ninaingiza mabadiliko, ninachapisha na kugawa. Kila mabadiliko yana rangi yake ya karatasi: samawati, kisha waridi, kisha manjano. Nikichanganya, mwigizaji mmoja atasema maneno ya jana na mwenzake ya leo. Kwa hiyo ninahesabu kurasa mara tatu.

Shangazi, laiti ungeona mambo wanayoandika watu hawa! Tulipokuwa tukitazama kwako, tamthilia ya Kiingereza ilikuwa majumba ya mabwana, vijiko vya fedha, na polisi mwenye koti refu amesimama juu ya maiti. Hizo bado zipo. Lakini siku hizi yuko mwandishi anayethubutu kuweka sehemu nzima ndani ya duka la kufulia nguo, watu wawili tu wakingoja mashine imalize kuzunguka, nawe huwezi kuinuka kwenda msalani. Hawakuelezi kila kitu. Wanakuamini kwamba una akili. Tena wameanza kukaa katika mitaa ambayo zamani kamera ilipita tu ikimkimbiza mwizi.

Hii yetu inahusu majirani wawili wa Acocks Green: nyanya Mpunjabi aliyezaliwa Kisumu, na mama Mkenya aliyehamia mlango wa pili. Wanazungumza kwa Kiswahili, kila mmoja upande wake wa ua, watoto wao wanajibu kwa Kiingereza. Kiswahili, Shangazi, katika televisheni ya Uingereza, saa ambayo watu wote wako sebuleni! Mwandishi anaitwa Amrita, na huyo nyanya ni nyanya yake mwenyewe.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyoniletea balaa. Yule mama anaosha vyombo, simu inalia, na sauti kutoka Kenya inasema, "Kaka yako amefariki." Simu inaanguka. Muziki unaanza.

Niliichapa mara nne, na kila mara niliona kuna kosa. Lakini karani wa miezi miwili atamwambia nini mwandishi? Basi nikafanya ninavyofanya ninapoogopa: niliandika maoni yangu pembeni ya ukurasa, kwenye kompyuta, niyafute baadaye. Niliyaandika kwa Kiswahili ili mtu wa ofisini akipita nyuma yangu asielewe.

Sikuyafuta. Printa iliyatoa yote, nakala ishirini na sita, rangi ya waridi. Nilihesabu kurasa mara tatu, na kurasa zilikuwa sawa.

Siku ya waigizaji kusoma muswada kwa pamoja, watu wote waliketi kuzunguka meza nami nikiwagawia maji. Walipofika ukurasa huo, Orpha, mwigizaji wa kutoka Kakamega anayecheza yule mama, aliacha kusoma, akaisogeza karatasi karibu na macho. Mkubwa wangu Jaspal, ambaye alizaliwa hapa na hajui Kiswahili, aliuliza ile mistari midogo ni kitu gani, mashine imeharibika? Amrita akaisoma kwa sauti, polepole:

"Hapana. Hakuna mtu wetu anayeambiwa hivi. Kwanza wanakuja watu. Wanaomba chai. Simu inafichwa. Aliyeandika hapa hajawahi kuletewa msiba."

Nilianza kupanga jinsi nitakavyomweleza Mama kwamba nimefukuzwa.

"Nani aliandika?" Amrita aliuliza.

"Mimi," nilisema, kwa sauti ambayo sidhani ilifika ng'ambo ya meza.

"Ai, msichana, sema wakusikie!" Orpha akadakia. "Wiki mbili nasoma hii simu na moyo unakataa. Kwetu hata mbwa wa jirani hujua kabla ya mwenye msiba. Nilinyamaza tu kwa sababu naitaka kazi."

Wengine walicheka baada ya kutafsiriwa. Amrita hakucheka. Aliniambia kwa Kiswahili alichojifunza jikoni kwa nyanya yake, "Mimi naletewa, dada. Nyanya alikufa, mimi nilikuwa ndani ya basi. Simu tu. Nilikaa mpaka basi ilifika mwisho, dereva akasema shuka."

Shangazi, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nimemhukumu mtu kwa siku ya msiba wake mwenyewe. Nilimwomba radhi mbele ya wote. Akavuta kiti kando yake, akasema, "Kaa. Sasa sema, watu wanakuja namna gani?"

Nikawaeleza siku ya Baba. Niliwaambia jinsi ulivyoingia na wanawake watatu asubuhi, ukaulizia mbuzi, ukaulizia shule yangu, ukachukua simu ya Mama mezani na kuitia mkobani mwako ukisema yako imezima. Jinsi mlivyomlazimisha Mama amalize mkate wake wa anjera, kwa kuwa mlijua hataonja kitu siku tatu. Watu wakaendelea kubisha hodi mmoja mmoja, kila mmoja akiomba chai, mpaka Mama alipotazama viatu vilivyojaa mlangoni, akaweka kikombe chini. Neno lenyewe halikutamkwa na mtu.

Wote wakaanza kusema kwa pamoja, mwongozaji amesimama, Orpha analia na kucheka! Amrita ameiandika upya sehemu yote. Saa nzima, sebule moja, chai na hodi na viatu. Hakuna muziki. Mtazamaji anajua tangu dakika ya tano, mama hajui mpaka mwisho. Safari hii niliichapa bila hofu. Jaspal amenithibitisha kazini, kwa sharti kwamba siku nyingine nimtukane mtu kwa lugha ambayo yeye mkubwa wangu anaielewa.

Wataanza kurekodi tarehe 24, katika nyumba mpya za Perry Barr. Lakini Amrita ameahidi mbele yetu sote kwamba sehemu hiyo haitarekodiwa bila idhini ya wenye siku ile. Nilimuuliza Mama. "Muulize shangazi yako," akasema. "Mimi nilikula tu. Yeye ndiye aliyebeba."

Hilo ndilo ombi langu, Shangazi: idhini yako. Baba alikuwa mume wa Mama, lakini alikuwa kaka yako, na ulikuwa umejua tangu alfajiri.

Kuna jambo moja ambalo sikuwaambia, wala Mama halijui. Nilikufuata jikoni kuchukua sukari. Ulikuwa umefungua mfereji wote, unaosha kikombe kilichokwisha kuwa safi, na ncha ya mtandio umeiuma kwa meno usisikike. Kisha ukafunga maji, ukajifuta uso, ukarudi sebuleni ukiuliza nani aongezewe chai. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimejibana nyuma ya mlango.

Ukisema hapana, sitakuuliza kwa nini. Ukisema ndiyo, la jikoni litabaki letu wawili, isipokuwa wewe mwenyewe ulitoe.

Nisalimie Mzee Yarrow, Tahlil na mkewe, na Iqra mwambie sketi yake iko katika mzigo wa Liban. Mama anakusalimu sana. Mungu akulipe kwa kila kikombe ulichomimina siku ile.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye,

Hibo