Funguo za Kamanda

Mama Zainabu, mke wangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo Magomeni, wewe na mwanetu. Kikohozi cha mama kimepoa? Mimi ni mzima, ila mashine ya meli imeharibika, na huu ni mwezi wa pili tumetia nanga kwenye mto wa nchi ya watu wanaosema Kihispania. Maji ya tope na mikoko tele, kama Ruvuma inapoingia baharini.

Barua yako ilinikuta hapa. Nilijua mara moja si mkono wa yule karani aliyekuwa akikuandikia. Herufi kubwa, zinapanda na kushuka. Nilifurahi mpaka nilipoisoma. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima kasema hivi, mwalimu kaleta daftari, mwalimu kakusifu mwandiko. Nimehesabu: mwalimu mara saba, jina langu mara mbili. Siku ile ile nikakuandikia uache kisomo, nikaitia posta.

Jumapili mpishi wetu, ambaye anaijua lugha yao, alinipeleka kuona ngome ya mawe iliyo kwenye kona ya mto. Anayeitunza ni mama mmoja mweusi kama sisi. Alisema Wahispania waliijenga zamani kuzuia maharamia waliopanda mto kwenda kupora mji wa juu, na mawe waliyabeba watumwa, wazee wake yeye.

Kamanda mmoja wa pale alikuwa na wivu. Kila akisafiri alimfungia mkewe ghorofani na kuondoka na funguo zote, pamoja na ule wa ghala la baruti. Maharamia wakaja naye hayupo. Askari wakakosa baruti, ngome ikatekwa.

“Na yule mke?” nikauliza.

Mama yule akajibu, mpishi akatafsiri: “Maharamia ndio waliomfungulia mlango.”

Mpishi alicheka. Mimi sikuweza. Njia nzima niliiwaza barua yangu, imo ndani ya mfuko wa posta na siwezi kuirudisha.

Basi ile ikitangulia, usiifuate. Nenda kisomo. Sikudanganyi kwamba wivu umeniisha. Nikiwaza yule bwana anakushika mkono kukuonyesha herufi, chakula hakipiti. Lakini sasa barua zangu unazisoma mwenyewe, bila karani, na hii nimeona haya kuiandika kama bwana harusi.

Nisalimie mama, dada yangu wa ghala la korosho, na baba mdogo aliye bandarini. Zainabu mpakate kwa niaba yangu.

Ukijibu, niambie kwanza kama mwalimu ana mke.

Mumeo,
Selemani